Kujiamini kwa Mwalimu Tarajali Kunapimwaje?

Mwalimu ameuliza swali, mtoto amesimama na kujibu, na jibu si sahihi. Kinachofuata huchukua sekunde chache tu, lakini hapo ndipo walimu wanapopishana. Mmoja atamrudishia mtoto yuleyule swali kwa namna nyingine, amkumbushe hatua aliyoiruka, amsubiri hadi afike mwenyewe. Mwingine atasema, "Kaa chini. Nani anajua?" na mikono ya wale watatu wa dawati la mbele itanyooshwa kama kawaida yao.

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Sherri Gibson na Myron Dembo, walichapisha kazi iliyozihusisha sekunde hizo na jambo lisiloonekana kwa macho: kiasi ambacho mwalimu anaamini kwamba yeye mwenyewe anaweza kumfikisha mtoto, hata aliye mzito, kwenye jibu. Walimu 208 wa shule za msingi walijaza dodoso lenye kauli 30. Katika hatua nyingine ya utafiti, walimu wachache wenye alama za juu na wengine wenye alama za chini walitazamwa wakiwa darasani. Wa alama za juu hawakumwacha haraka mwanafunzi aliyekosea. Walimwongoza kwa maswali mpaka akalipata jibu. Wa alama za chini walielekea zaidi kulitaja jibu wenyewe au kumpa nafasi mwingine, na walikuwa wepesi wa kukosoa.

Matokeo hayo yaliwapa wakufunzi wa ualimu hamu ya kujua jambo moja zaidi. Kama imani hiyo inaonekana kwa mwalimu aliyekwisha kuzoea chaki, je, inaweza kupimwa kwa mtu ambaye bado yuko chuoni? Mwanachuo wa chuo cha ualimu cha Korogwe au Butimba, Tanzania, ambaye hajawahi kushika darasa peke yake akiandika kwenye karatasi kwamba "naweza", ameeleza nini hasa? Wanasaikolojia wamelihangaikia swali hilo kwa takriban nusu karne. Majibu yao yanaonyesha kwamba namba inayotoka kwenye dodoso ni ya manufaa, ila haisomwi kama alama za mtihani. Mara nyingine namba iliyoshuka ni dalili kwamba mwanachuo amejifunza.

Chatu kwanza, darasa baadaye

Wazo lenyewe halikuzaliwa shuleni. Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha saikolojia katika Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa akitafuta namna ya kuwatibu watu wenye hofu kali ya nyoka. Katika utafiti alioutoa mwaka 1977, washiriki walipewa orodha ya vitendo vilivyopangwa kutoka chepesi hadi kigumu. Vyote vilimhusu chatu wa aina ya boa: kumkaribia, kumgusa, kumshika, hata kumwacha atambae mapajani. Kabla ya kujaribu, kila mmoja alitia alama vitendo alivyoamini anaviweza, kisha akaeleza ana uhakika kiasi gani kwa kila kimoja, kwa mizani inayoishia 100 na kupanda kwa kumi kumi. Baada ya hapo wakapelekwa kwa nyoka.

Kile walichosema wanakiweza kilitabiri walichokuja kukifanya, na kilitabiri vizuri kuliko hata rekodi ya vitendo walivyovifanikisha wakati wa matibabu. Watu wawili waliofika hatua ileile kwenye matibabu walitoka na imani tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyoonekana walipokutana na nyoka mwingine.

Bandura alikuwa mkali katika kutenganisha mambo. Imani aliyoipima si kujithamini, maana mtu anaweza kujiheshimu sana na bado akajua kwamba hawezi kufundisha sehemu na desimali. Si ahadi pia: "nitafanya" ni nia, "naweza" ni uwezo. Na si matarajio ya matokeo, yaani kuamini kwamba kitu kikifanywa vizuri kitaleta tija. Zaidi ya yote, imani hii ina kazi yake maalumu. Haiulizwi "unajiamini?" hivihivi, huulizwa "unajiamini kufanya nini?"

Alitaja pia chemchemi nne zinazoilisha. Yenye nguvu zaidi ni mtu kujaribu mwenyewe na kufaulu. Inafuata ile ya kumwona mtu kama wewe akifanya na kuweza, kisha maneno ya wanaokutia moyo, na mwisho hali ya mwili: moyo unaodunda na mikono inayotoka jasho, na namna mtu anavyozitafsiri dalili hizo. Mwanachuo anayetetemeka dakika tano kabla ya kipindi anaweza kusema "siwezi kazi hii", au akasema "hivi ndivyo inavyokuwa mara ya kwanza". Mwili ni uleule, lakini imani zinakwenda njia mbili.

Kauli mbili zilizozaa dodoso

Karibu wakati huohuo, taasisi ya RAND ya Marekani ilikuwa ikichunguza programu za kufundisha kusoma katika shule za Los Angeles. Ripoti yake ya mwaka 1976 ilikuwa na kauli mbili tu kuhusu jambo hili, zikiwa zimechomekwa katikati ya maswali mengi mengine. Ya kwanza ilisema kwamba mwisho wa yote mwalimu hana la kufanya, kwa kuwa bidii na ufaulu wa mwanafunzi hutegemea nyumbani kwao. Ya pili ilisema kwamba mimi nikijitahidi kweli, ninaweza kumfikia hata mwanafunzi mgumu kuliko wote. Majibu ya kauli hizo yalikuja kuonekana yanahusiana na maendeleo ya watoto katika kusoma, na watafiti wakazinduka.

Lakini zitazame vizuri. Ya kwanza inazungumzia walimu kwa jumla. Ya pili inamzungumzia mimi. Mwanachuo anaweza kuamini kabisa kwamba elimu humkomboa mtoto yeyote, huku akiwa na shaka na uwezo wake mwenyewe. Mwingine hana shaka na nafsi yake, ila amewaona watoto wanaotembea kilomita kadhaa na kufika shuleni bila kula, naye hawezi kusema kwamba nyumbani hakuna uzito. Huyu wa pili akikubali kauli ya kwanza, je, amekiri udhaifu au ameeleza hali ilivyo?

Gibson na Dembo, walipochambua dodoso lao kitakwimu, waliona kauli zikijigawa katika makundi hayohayo mawili: yale ya uwezo wangu binafsi, na yale ya uwezo wa kazi ya ualimu kwa jumla. Mjadala kuhusu kundi la pili haujatulia. Wapo wanaoona kwamba linapima mtazamo wa mtu kuhusu mazingira kuliko imani yake juu ya uwezo.

Mwaka 1990 Larry Enochs na Iris Riggs walitoa dodoso lililolenga walimu tarajali wa shule za msingi na somo la sayansi peke yake. Lilikuwa na kauli 23: kauli 13 za imani binafsi na 10 za matarajio ya matokeo. Walichukua dodoso la walimu walioko kazini na kuhamishia kauli kwenye wakati ujao, kwa sababu anayejibu hajaanza kazi. Badala ya "nafundisha" ikawa "nitafundisha". Badiliko hilo dogo la kisarufi linabeba ugumu wote wa kazi hii, kwani mwalimu wa miaka kumi anakumbuka na mwanachuo anakisia.

Walipima pia kama kauli za kundi moja zinajibiwa kwa mwelekeo mmoja. Kipimo kinachotumika kwa kazi hiyo ni kile kilichoenezwa na Lee Cronbach mwaka 1951, ambacho kikikaribia 1 huonyesha kwamba kauli zinavutana pamoja. Kauli za imani binafsi zilipata 0.90, na za matarajio ya matokeo zikapata 0.76. Wanafunzi wa shahada za juu hupenda kuishia hapo na kuandika kwamba dodoso "linaaminika". Lakini ukiuliza jambo lilelile mara kumi kwa maneno tofauti kidogo, utapata namba nzuri bila kuwa umejua lolote jipya. Kuvutana kwa kauli hakuthibitishi kwamba zinalenga pale unapodhani.

Swali moja linavyotengenezwa

Tuchukue kauli ambayo mtu yeyote angeanza nayo: "Naweza kudhibiti darasa." Anayejibu anachagua kati ya "sikubali kabisa", "sikubali", "sina uhakika", "nakubali" na "nakubali kabisa", mtindo uliotokana na kazi ya Rensis Likert ya mwaka 1932. Ukiwagawia wanachuo mia moja karatasi hiyo, ni rahisi kukisia kitakachotokea. Wengi watachagua "nakubali" au "nakubali kabisa", namba zitarundikana juu, na mtafiti hatakuwa na namna ya kumtofautisha aliye tayari na ambaye hajui kinachomsubiri. Tena mizani ikishajaa tangu mwanzo, hata mafunzo yawe mazuri vipi hakuna mahali pa kupanda.

Katika mwongozo wake wa kuandaa mizani za aina hii, uliotoka mwaka 2006, Bandura alishauri kazi iulizwe kwa ngazi za ugumu. Kwa shule zetu kauli ile ingeandikwa upya namna hii: "Kwa mizani ya 0 hadi 100, nina uhakika kiasi gani kwamba naweza kuendesha kazi ya vikundi na kuimaliza ndani ya kipindi cha dakika 40, katika darasa la wanafunzi 30?" Kisha swali lilelile kwa wanafunzi 60, na kwa wanafunzi 100. Mwanachuo anayejibu 90, 60 na 20 amekueleza mahali hasa ambapo imani yake inakatika. Anayejibu 90, 90 na 90 naye amekueleza kitu, na mkufunzi mzoefu atakuwa na maswali ya kumuuliza.

Mitego mingine iko kwenye lugha. "Naweza kuandaa andalio la somo na kulifuata" ni maswali mawili ndani ya sentensi moja; wapo wanaoandika maandalio safi na kuyaacha mezani dakika ya kumi. Kauli za kukanusha nazo zina taabu yake. Watengenezaji wa madodoso huzichanganya makusudi ili kumnasa anayetia vema kila mahali bila kusoma. Lakini "siwezi kumsaidia mwanafunzi asiyependa hesabu" ikikutana na kisanduku cha "sikubali", msomaji analazimika kukataa kukanusha, na baadhi yao hujikuta wamejibu kinyume cha walichokusudia.

Kuna pia suala la Kiingereza. Madodoso mengi yanayotumika duniani yaliandikwa kwa Kiingereza, na ni rahisi kwa mtafiti kuyapiga chapa kama yalivyo. Mwanachuo anayejiandaa kufundisha kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya Tanzania anapojibu kauli ya Kiingereza, sehemu ya alama yake inapima alivyoielewa sentensi. Kwa anayekwenda sekondari, lugha inaingia ndani ya kazi yenyewe. Uwezo wa kueleza usanisinuru ni jambo moja, na uwezo wa kuueleza kwa Kiingereza mbele ya Kidato cha Kwanza waliotoka kusoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi ni jambo jingine. Dodoso linalotaka ukweli litayauliza kwa kauli mbili tofauti.

Kutafsiri pekee hakumalizi kazi. Desturi ni mtu mmoja atafsiri na mwingine, ambaye hajaona chapisho la asili, arudishe tafsiri kwenye lugha ya kwanza ili tofauti zijitokeze. Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa mara nyingi: kukaa na wanachuo wachache, kuwaomba wajibu kwa sauti, na kusikiliza wanawaza nini. Ukimsikia mtu akisoma "kudhibiti darasa" na kuanza kuzungumzia fimbo, unajua kwamba neno hilo litapima kitu ambacho hukukikusudia.

Nyanja tatu zinazokuwa moja

Dodoso lililoenea kuliko mengine leo lilitoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Megan Tschannen-Moran na Anita Woolfolk Hoy walilichapisha mwaka 2001, likiwa na maswali 24, na toleo fupi la maswali 12. Kila swali linauliza mwalimu anaweza kufanya kiasi gani, kwa ngazi 9 kuanzia kutoweza lolote hadi kuweza sana. Maswali yamegawanyika katika nyanja tatu: kuwavuta wanafunzi washiriki, mbinu za kufundisha, na usimamizi wa darasa.

Kwa walimu walioko kazini nyanja hizo hujitokeza zikiwa zimetengana. Mwalimu anaweza kuwa na alama kubwa katika mbinu na ndogo katika usimamizi, naye anajua kwa nini. Kwa walimu tarajali picha hubadilika: nyanja huingiliana, na anayejipa alama za juu katika moja hujipa za juu katika zote. Watunzi wenyewe walishauri kwamba kwa kundi hili ni afadhali kutumia jumla ya alama kuliko kuzigawa.

Wengine wangeona hiyo ni kasoro ya chombo. Mimi naona ni habari yenyewe. Kwa mtu ambaye hajasimama mbele ya darasa lake, kufundisha ni kitu kimoja kikubwa: ama unakiweza ama hukiwezi. Kazi ndiyo inayokuja kukipasua. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi, mwanachuo huyohuyo ataanza kusema kwamba kueleza anaeleza vizuri ila muda humwishia, au kwamba wanafunzi wa mbele anawamudu na wa nyuma hawamsikii. Chuo kikipima kabla na baada ya mazoezi, kisitazame tu kama alama zimepanda. Kitazame pia kama zimeanza kutofautiana.

Alama zikishuka

Hapa ndipo wasomaji wengi wa takwimu hizi hujikwaa. Mwaka 2005 Woolfolk Hoy na Rhonda Burke Spero walitoa utafiti uliowafuata walimu kutoka chuoni hadi mwisho wa mwaka wa kwanza wa ajira, wakitumia vipimo vinne. Imani ilipanda wakati wa masomo na mazoezi ya kufundisha, kisha ikashuka katika mwaka wa kwanza kazini. Mabadiliko hayo yaliendana na kiasi cha msaada ambao mwalimu mpya aliupata. Mazoezini kulikuwa na mwalimu mwenyeji nyuma ya darasa na mkufunzi anayepita. Mwaka wa kwanza wa ajira ulimkuta mtu peke yake na vipindi vyake vyote.

Kushuka huko kwaweza kuwa na maana zaidi ya moja. Chukua mfano wa mwanachuo aliyejipa 8 kati ya 9 katika kupima uelewa wa wanafunzi kabla ya mazoezi. Alidhani kupima ni kutoa maswali matano mwishoni mwa kipindi na kusahihisha. Kule shuleni amegundua kwamba wanafunzi wananakili majibu, kwamba swali baya huficha nani hajaelewa, na kwamba madaftari 85 hayasahihishwi kabla ya kipindi cha kesho. Amejifunza kuuliza katikati ya somo na kuzunguka kwenye madawati. Anarudi chuoni anajipa 6. Kwenye jedwali amepoteza alama mbili. Darasani ni mwalimu bora kuliko alivyokuwa.

Kilichobadilika ni mizani iliyo kichwani mwake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia George Howard na wenzake walionyesha kwamba jambo hili huharibu tathmini nyingi za mafunzo, wakapendekeza dawa rahisi: mwisho wa mafunzo muulize mtu maswali mawili badala ya moja. Sasa hivi unajipa ngapi? Na ukitazama nyuma kwa ujuzi ulio nao leo, kabla ya mafunzo ulistahili ngapi? Mwanachuo wetu huenda akaandika 6 kwa sasa na 3 kwa wakati ule. Njia hii ina udhaifu wake, kwani kumbukumbu hutengenezwa na watu hupenda kuona wamepiga hatua. Kwa hiyo haichukui nafasi ya kipimo cha kwanza. Husomwa kando yake.

Karl Wheatley, akiandika mwaka 2002, alikwenda mbali zaidi na kudai kwamba shaka ya mwalimu juu ya uwezo wake inaweza kuwa na faida, maana asiye na shaka hana sababu ya kubadili anavyofundisha. Hoja yake haifuti ya Bandura, kwa sababu shaka iliyozidi humfanya mtu asijaribu kabisa. Lakini inatuonya tusiifanye alama ya juu kuwa lengo la mafunzo.

Anayeuliza ni nani?

Namba hubadilika pia kulingana na mkono unaokusanya karatasi. Dodoso likigawiwa na mkufunzi yuleyule atakayekwenda kumkagua mwanachuo mazoezini, tena lina nafasi ya kuandika jina, ni wachache watakaokubali kuandika 30 kati ya 100. Hawadanganyi kwa ubaya. Wanafanya ambacho mtu yeyote mwenye adabu na hofu ya kufeli angefanya mbele ya mkubwa wake. Ndiyo maana kipimo cha maana hukusanywa kwa namba za siri, na mtu asiyetoa alama, kikiwa na ahadi inayotimizwa kwamba hakitaingia kwenye matokeo.

Utamaduni nao una sauti. Katika utafiti wa kimataifa wa walimu ulioendeshwa na shirika la OECD mwaka 2013, walimu waliosema wanaweza kwa kiasi kikubwa kuwafanya wanafunzi waamini kwamba watafanya vizuri shuleni walizidi asilimia 80 kwa wastani wa nchi zilizoshiriki. Japani hawakufika asilimia 20. Ni nchi ambayo wanafunzi wake huwa miongoni mwa wanaoongoza duniani katika hesabu na sayansi. Ama walimu wa Japani wanajiwekea viwango vya juu mno, ama kujisifu kwenye karatasi kwao si jambo la heshima, ama yote mawili. Vyovyote iwavyo, kuwapanga walimu wa nchi mbili kwa alama hizo ni kulinganisha vipimo viwili tofauti vyenye jina moja.

Njia mojawapo ya kupunguza tatizo ilipendekezwa na Gary King na wenzake mwaka 2004, wakishughulikia tafiti za siasa na afya. Kabla mtu hajajipima, mpe visa vifupi vya watu wa kubuni awapime kwanza. Mwalimu fulani ana wanafunzi 80. Robo yao huongea wakati anaandika ubaoni, naye humaliza somo lakini bila maswali. Kwa mizani hii ungempa ngapi katika kusimamia darasa? Mwanachuo akimpa 8 na kujipa mwenyewe 7, tunajua 7 yake inakaa wapi. Mwingine akimpa mwalimu huyo 3 na kujipa 5, huenda 5 yake ni kubwa kuliko 7 ya mwenzake.

Inatabiri kiasi gani?

Mwaka 2014 Robert Klassen na Virginia Tze walikusanya tafiti 43 zenye washiriki zaidi ya 9,000 ili kuona sifa za kisaikolojia za walimu zinahusiana vipi na ubora wa ufundishaji. Uhusiano mkubwa zaidi waliouona ulikuwa kati ya imani hii na ubora wa ufundishaji kama ulivyotathminiwa na wengine. Kipimo chake kilikuwa 0.28, pale ambapo 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kwenda sambamba bila kuachana.

Kwa lugha nyepesi, ukizidisha 0.28 kwa yenyewe unapata takriban 0.08. Yaani tofauti za imani zinakwenda pamoja na kama asilimia 8 ya tofauti za ubora zinazoonekana kati ya walimu. Kwa kitu kinachopimwa kwa karatasi moja ndani ya dakika kumi, hicho si kidogo. Kwa kuamua nani aingie chuoni na nani arudishwe nyumbani, hakitoshi hata kidogo. Atakayelitumia dodoso kama mtihani wa usaili atawaacha nje watu wengi wazuri, na mwaka unaofuata waombaji wote watakuwa wameshajua kuandika 9.

Namba kazini

Kinachobaki ni matumizi yanayofaa, na haya yako karibu na wakufunzi. Chemchemi za Bandura zinaonyesha kwamba mazoezi ya kufundisha, yale ambayo Tanzania wanachuo huyaita BTP na Kenya huitwa TP, ndiyo yenye nguvu kuliko mhadhara wowote, ila kwa sharti kwamba mwanachuo aonje kufaulu. Kumtupa wiki ya kwanza kwenye darasa la watoto 100 ni kumpa nafasi ya kushindwa mapema. Akianza na kundi la wanafunzi 15 wa masomo ya ziada, kisha nusu darasa, kisha darasa zima, kila ngazi inamwandalia inayofuata, kama wale waliomzoea chatu hatua kwa hatua.

Utafiti wa Dee Knoblauch na Woolfolk Hoy wa mwaka 2008, uliowafuata wanachuo waliofanyia mazoezi katika shule za vijijini, za pembezoni mwa miji na za mijini huko Marekani, ulionyesha jambo linalopaswa kuwafikirisha wanaopanga vituo. Namna wanachuo walivyouona uwezo wa mwalimu mwenyeji iliendana na imani yao wenyewe. Kwa kawaida mwanachuo hupelekwa palipo na nafasi. Chuo kinachojua nani ana imani ndogo katika usimamizi wa darasa kingeweza kumpeleka kwa mwalimu anayelimudu darasa kubwa bila kelele, akae nyuma wiki nzima akitazama.

Hata maneno ya ukaguzi yangeandikwa upya. "Sauti ndogo. Ubao haukupangwa. Zana hazitoshi. Jitahidi." Mwanachuo aliyepokea karatasi hiyo hajui cha kufanya kesho. Akiandikiwa kwamba swali la tatu lilimfanya msichana wa dawati la dirishani asahihishe jibu lake mwenyewe, na kwamba kesho aulize maswali mawili ya aina hiyo kabla ya kuandika ubaoni, amepata ushahidi kwamba anaweza, na kazi ya kufanya.

Chuo kinachotaka kuanza hakihitaji mitambo. Kinahitaji maswali machache yaliyojaribiwa kwa lugha ya wanaojibu, yenye ngazi za ugumu za madarasa halisi, yanayojibiwa kwa namba za siri kabla ya mazoezi, katikati, na baada ya mwaka wa kwanza wa kazi. Kinahitaji pia wakufunzi waliokubaliana mapema namba hizo zitafanyiwa nini. Mwanachuo aliyeshuka kutoka 90 hadi 60 kwenye swali la darasa la watoto 100 asiitwe ofisini kuulizwa amepatwa na nini. Aulizwe darasa lenyewe lilikuwaje, kisha atafutiwe mwalimu anayeliweza akamtazame akifanya kazi.